Ng'ombe wa Saa Kumi na Moja Alfajiri: Kisa cha Binti Aliyepangiwa Kampasi ya Kijijini

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, akanipa salamu moja tu badala ya zile sita au saba za kawaida. Nikajua kuna jambo. Majina ya waliochaguliwa kujiunga na chuo cha mifugo yametoka, na binti yake amepata. Lakini hakupangiwa kampasi ya mjini, ambayo kutoka kwao Mbagala ni daladala moja. Amepangiwa kampasi ya kijijini: basi siku nzima, kisha bodaboda kumalizia. "Kaka, wewe umefanya kazi serikalini," akasema. "Huna mtu wa kumwambia?"

Ilikuwa mwaka 2021. Mpwa wangu alikuwa na miaka 18, cheti cha kidato cha nne chenye C ya Baiolojia na D ya Kemia, na tangu azaliwe hajawahi kumgusa ng'ombe. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu uafisa mifugo wa kata. Nikamjibu dada kwamba nitaangalia.

Majina ya watu, ya chuo na ya kijiji nayaacha. Binti ameniruhusu kusimulia, hakuniruhusu kumtangaza. Nasimulia kwa urefu kwa sababu swali la dada yangu litaulizwa na wazazi wengi kuanzia sasa. Upande wa mifugo ni swali la zamani. LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo ulioanzishwa 2011, una kampasi nane. Temeke iko ndani ya jiji la Dar es Salaam, ilhali Mabuki iko Misungwi, Kikulula iko Karagwe, na Madaba iko kule Ruvuma. Vyuo vikuu navyo vimeshika njia hiyo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, katika mradi unaoitwa HEET, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwenda Lindi na Kagera, Muhimbili imekwenda Kigoma, na Sokoine imekwenda Katavi. Watoto wengi watafungua simu na kukuta wamepangiwa mahali wasipopajua hata kwenye ramani, na wazazi wao watatafuta mtu wa kumwambia.

Ng'ombe wa yule mzee

Kabla sijamfikia binti, lazima niseme nilikotoka mimi, maana ndiko kulikonifanya nibadili mawazo.

Mimi nilisoma mjini. Tulikuwa wengi na ng'ombe wa mafunzo walikuwa wachache. Siku ya vitendo tulimzunguka ng'ombe mmoja kama watu wanaotazama ajali barabarani: waliotangulia wanamwona, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Mitihani nilifaulu vizuri. Niliweza kujaza kurasa mbili juu ya ndigana kali bila kusita: kupe wa masikioni anayeieneza, homa, matezi yanayovimba chini ya sikio na mbele ya bega, macho kutoa machozi, kikohozi, na mwishoni povu puani. Ila matezi yenyewe sikuwahi kuyashika. Sikujua tezi lililovimba linakuwaje chini ya vidole.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja akaniita. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja amekataa majani na mwili unachemka. Nikampima joto, nikamtazama machoni na mdomoni, nikasema hii ni ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoenezwa na kupe, nikamchoma dawa yake, oksitetrasaiklini. Siku ya nne ng'ombe alikuwa anahema kwa shida, povu limejaa puani. Dawa ya ndigana kali ni buparvakwoni, nayo husaidia ikiwahi. Haikuwahi. Mzee hakunilaumu. Alinikaribisha chai, akasubiri nimalize, akanipa nauli ya kurudia.

Nimefanya kazi miaka 27 baada ya hapo na sijamsahau ng'ombe yule. Kila mtaalamu wa mifugo hujifunzia kwenye mwili wa mnyama wa mtu, hilo haliepukiki. Lakini mnyama huyo anaweza kuwa wa chuo, mkufunzi akiwa amesimama pembeni, na anaweza kuwa nusu ya mali ya mzee maskini, pasipo mtu wa kukushika mkono.

Pamoja na kuyajua hayo yote, dada aliponipigia nilifikiri kama mjomba tu: mtoto wa kike, mbali, peke yake. Tena kazini kwetu tulikuwa na mazoea ya kusema kampasi ndogo ni za waliokosa nafasi kwingine, na mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji. Nikapiga simu mbili. Wa kwanza aliniahidi atajaribu. Wa pili, mkufunzi mstaafu ninayemheshimu sana, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Huko unakomkataza, umeshafika?" Sikuwa nimefika. "Basi mpeleke mwenyewe, ukae siku tatu. Ukirudi, kama bado unataka ahamishwe, nipigie."

Siku tatu

Tuliondoka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka uleule, na godoro, tranka, ndoo mbili, na mama mtu aliyekataa kutuaga mpaka basi lilipowashwa. Tulifika giza limeingia. Mlinzi akatupokea kwa tochi. Binti hakusema neno njia nzima kutoka barabara kuu.

Asubuhi niliamshwa na vishindo vya gambuti. Saa kumi na moja alfajiri, nje kuna baridi, wanafunzi kumi hivi wanaelekea zizini na ndoo. Nikavaa nikawafuata. Mkuu wa kampasi alikuwa ameshafika kabla yao, anawaita kwa majina, na si majina tu. Mmoja alimuuliza kama mama yake ametoka hospitali. Mwingine alimwambia ng'ombe wake wa jana bado ana uvimbe kwenye chuchu ya nyuma kushoto, aanze na huyo. Mimi katika miaka yangu yote ya chuo sidhani kama mkuu wetu alinijua kwa sura.

Kampasi yenyewe ungeimaliza kuizunguka kwa nusu saa. Madarasa machache, mabweni mawili, maabara ndogo yenye hadubini za kuhesabika, zizi, josho, banda la nguruwe, mabanda ya kuku, shamba la mabingobingo, na nyumba za wakufunzi humohumo ndani. Hilo la mwisho nililiona dogo siku ile, baadaye nikaelewa ndilo kubwa kuliko yote. Darasa la mpwa wangu walikuwa 32. Wakigawanywa kwa vitendo, kikundi kina watu wanne.

Jioni ya siku ileile ya kwanza walimpa kigoda na ndoo. Alikamua mpaka vidole vikakakamaa, akapata maziwa ya kikombe kimoja, na ng'ombe akamkanyaga mguu. Alikuja kunionyesha mguu. Nilitegemea kilio. Akaniambia, "Mjomba, chuchu zina joto."

Siku ya pili niliuliza ninayopaswa kuuliza mtu mzima. Mlezi wa mabweni ya wasichana ni nani, anaishi wapi, na simu yake ni ipi? Zahanati iko umbali gani, na usiku mtu anapelekwaje? Mwanafunzi akiwa na malalamiko juu ya mkufunzi mmoja, anakwenda kwa nani? Nilikutana na mlezi mwenyewe, mama wa makamo aliyenijibu bila kukwepa. Namshauri kila mzazi afike na kuuliza hivyo kwa mdomo wake. Hakuna karatasi ya maelekezo ya kujiunga inayoyajibu haya.

Siku ya tatu nikampigia mkufunzi mstaafu kumwambia sitahitaji msaada wake.

Dada hakufurahi. Aliona nimemtupa mtoto wake porini, na kwa majuma mawili hakupokea simu zangu. Binti naye miezi miwili ya kwanza hali haikuwa nzuri. Mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya bweni, na kila jioni alipanda pale akampigia mama yake, wakalia wote wawili. Nilikuwa najua, na usingizi ulikuwa unanipaa.

Tausi

Kilichombadilisha ni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

Kila kikundi kilikabidhiwa ng'ombe wa kufuatilia, na cha mpwa wangu kilipewa mtamba chotara aliyeitwa Tausi. Kazi yao ilikuwa kumjua: anakula nini, ana uzito gani kwa kipimo cha utepe, na zaidi ya yote, joto lake linakuja lini. Wasiofuga wanisamehe nikieleza kidogo. Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu kati ya saa 12 na 18 tu. Dalili ya uhakika ni moja: mwenzake akimpanda, anasimama, hakimbii. Na ng'ombe wengi huionyesha usiku au alfajiri, kukiwa kimya na baridi. Akionekana asubuhi, anahimilishwa, yaani anapandikizwa mbegu, jioni. Akionekana jioni, anahimilishwa asubuhi inayofuata. Ukikosa, unangoja siku nyingine 21, na mfugaji amekosa maziwa ya siku hizo zote.

Sasa fikiria mwanafunzi anayeamka Mbagala, anapanda daladala, anafika chuoni saa mbili. Joto analisoma kwenye ubao. Ng'ombe aliyelionyesha saa kumi na moja ameshatulia, na mwanafunzi ameambiwa tu kwamba lilikuwepo. Hiyo ndiyo elimu niliyopata mimi.

Kikundi cha mpwa wangu kilimkosa Tausi mara mbili. Mara ya kwanza hawakujua wanachotazama. Mara ya pili walilala. Mara ya tatu binti alihesabu siku kwenye daftari, akamwomba mlinzi amwamshe saa kumi, akaenda kukaa kwenye ukuta wa zizi na tochi na kanga mbili. Kulipoanza kupambazuka, ng'ombe mwenzake akampanda Tausi, na Tausi akasimama kimya. Binti alikimbia kwenda kumgongea mkufunzi. Mkufunzi anaishi hatua mia mbili kutoka zizini, alitoka na msuli, akaja akatazama, akasema, "Umeona mwenyewe. Jioni utafanya mwenyewe."

Jioni walitoa mrija wa mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni, uliohifadhiwa nyuzi 196 chini ya sifuri, wakauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu wakihesabu sekunde. Mbegu za namna hiyo nyingi kwetu hutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha. Mkono wa kushoto wa binti ulikuwa ndani ya glovu ndefu, unatafuta shingo ya kizazi, mkufunzi amesimama begani kwake. Alijaribu mara tatu akashindwa kuipata. Hakuna aliyemsukuma pembeni ili zamu iende kwa mwingine, kwa kuwa walikuwa wanne tu na usiku haukuwa na haraka. Mara ya nne aliipata.

Siku ya 21 Tausi hakurudi kwenye joto. Mwezi wa tatu binti akapima mimba kwa mkono, akanipigia akiwa juu ya kile kichuguu: "Mjomba, ni kama puto lenye maji, dogo, linateleza." Mimba ya ng'ombe ni siku 283 kwa wastani. Likizo ilipokaribiana na tarehe ya kuzaa aliomba abaki. Dada yangu alinuna tena. Ndama alizaliwa, na binti ndiye aliyehakikisha amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa ile ya kwanza.

Joto, mbegu, mimba, kuzaa, dang'a, mnyama mmoja, mkono mmoja. Mimi mlolongo huo niliukamilisha nikiwa na miaka sita kazini.

Mtu ataniambia mjini nako kuna ng'ombe. Kweli wapo, tena wengi. Mnada wa Pugu unawapokea kutoka nchi nzima na machinjio ya Vingunguti hayana siku ya kupumzika. Lakini ng'ombe wa Pugu ni wa kupita. Amefika leo kwa lori, kesho hayupo. Utamtazama ugonjwa, utamkagua nyama, na hayo ni mafunzo ya maana sana, ila hutamwona akibeba mimba.

Ndama wa jirani

Faida nyingine sikuitegemea kabisa. Katika eneo lile, kampasi ndiyo ilikuwa hospitali ya mifugo. Hakuna duka la dawa lenye mtu aliyesomea kwa umbali mrefu. Basi wafugaji wanakuja hapohapo: mwenye kuku wanaokufa kwa kideri, mwenye mbuzi aliyevunjika, mwenye ng'ombe aliyelala ghafla na paja limevimba, wakufunzi wakaanza kuulizana kuhusu chambavu. Siku za josho wanafunzi wanasimama na wafugaji wanahesabu na kuogesha. Siku ya mnada wanazunguka na mkaguzi. Nchi hii kwa takwimu za wizara ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na sehemu kubwa mno ni ya watu wa namna ile: wafugaji wa asili, wengi wao Wasukuma waliohamia, wenye akili nyingi na imani ndogo kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Kuongea nao ni taaluma peke yake, na haifundishwi darasani. Mwanafunzi mgeni humwuliza mfugaji, "Una ng'ombe wangapi?" Hapo mazungumzo yamekwisha. Idadi ya ng'ombe ni kama fedha zako benki. Anayeiuliza anatafuta kodi, au anatafuta kukupunguzia mifugo. Nilipomtembelea binti mwaka wa pili, nilimsikia akimwuliza mzee mmoja, baada ya salamu ndefu, "Baba, kipindi hiki mnanyweshea wapi?" Mzee akaanza kueleza, na katika maelezo ya mabwawa na zamu za vijana idadi ya ng'ombe ikajitokeza yenyewe. Mimi nilijifunza hilo baada ya kufukuzwa kwenye maboma mawili.

Mzee huyohuyo ndiye aliyemleta ndama. Binti alinisimulia usiku uleule. Ndama wa miezi mitano, amejitenga, masikio yamelala. Mkufunzi hakumgusa. Aliwaambia wanafunzi wanne wapime, kila mmoja aseme anachofikiri kabla ya kusikia mwenzake. Binti alipitisha vidole chini ya sikio, kisha mbele ya bega, akakuta uvimbe mgumu unaotembea chini ya ngozi, ukubwa wa limau. Joto nyuzi 41. Akasema ndigana kali. Mwenzake akasema ndigana baridi. Mkufunzi hakuwajibu. Akawapa sindano wachukue majimaji ya tezi, wapake kwenye kioo, watie rangi ya Giemsa, na wakae kwenye hadubini mpaka wavione vimelea. Waliviona: ndigana kali. Ndama akapata dawa siku ileile, na baada ya wiki mzee alirudi na jogoo wa binti, akimwita daktari.

Aliponisimulia nilinyamaza kwenye simu kwa muda. Akauliza, "Mjomba, upo?" Nilikuwepo. Nilikuwa namfikiria mzee wangu na chai yake. Mwenzake yule aliyekosea alikosea kosa langu lilelile, kwa maneno yaleyale. Tofauti ni kwamba yeye alikosea kabla sindano haijachomwa, na akaonyeshwa kwa nini.

Alichokikosa

Siwezi kuandika uzuri peke yake. Nitakuwa nawadanganya wazazi.

Maktaba ilikuwa ndogo na vitabu vya zamani. Kazi za kuandika zilizohitaji intaneti alizifanya usiku wa manane juu ya kichuguu, mtandao ukiwa umepungua watu. Maabara kuu ya mifugo ya nchi, ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, iko Temeke; wenzake waliosoma mjini waliifahamu, yeye aliiona kwa mara ya kwanza akiwa amemaliza. Ukaguzi wa nyama alijifunza kwa wanyama wachache wa machinjio ya kijiji, na nilipoona pengo hilo nilimhimiza aombe fildi ya mwaka wa mwisho kwenye machinjio ya jiji. Alikwenda, na majuma ya mwanzo aliachwa nyuma na wenzake. Kijana anayetaka maabara, utafiti wa vimelea au biashara ya dawa, mimi nitamwambia mjini ndiko kwake.

Aliyelala naye chumba kimoja aliondoka muhula wa pili. Alikuwa na pumu, na kutoka bwenini mpaka hospitali yenye oksijeni ni mbali. Alihamishwa, na ilikuwa sahihi ahamishwe. Ningekuwa mjomba wake ningemhamisha siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo la kutokuwa na pa kujificha. Nilipomsifu mkuu anayemjua kila mwanafunzi nililisifu hilo, na lina upande wa uchungu. Mahali penye watu wachache, aliyerudia mtihani anajulikana, aliyeachwa na mchumba anajulikana, na ukikosana na mkufunzi mmoja hakuna kozi sambamba ya kukimbilia. Mwaka wa kwanza binti alipata sapu, mtihani wa kurudia, ya somo moja, na kijiji kizima cha chuo kilijua kabla hajaniambia. Aliona aibu sana. Lakini mkufunzi wa somo lile naye alijua, na jioni tatu kwa wiki alikaa naye barazani kwake, mkewe akiwapikia, mpaka sapu ikapita. Sijui chuo kikubwa kingempa nini zaidi ya tarehe ya mtihani.

Hesabu ya dada

Watu husema kijijini ni nafuu. Kwa mwanafunzi anayetoka mbali ni kweli: bweni liko ndani, nauli ya kila siku hakuna, na hakuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi. Kwa dada yangu haikuwa hivyo. Binti angesomea mjini angelala kwao bure. Kwenda mbali kulimaanisha ada ya bweni, godoro, na nauli ya basi mara nne kwa mwaka, zote kutoka kwenye kibanda cha vitenge. Aliniandikia kwenye daftari na alikuwa sahihi: kwa shilingi, kijijini kulimgharimu zaidi. Wanaoanza sasa wana unafuu kidogo, kwa kuwa tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani chache, na kilimo na mifugo imo.

Kilichokosekana kwenye daftari la dada alikisema mwenyewe mwaka wa tatu, tukiwa jikoni kwake. "Angekaa nyumbani," alisema, "angetoka chuoni saa kumi, akafika saa kumi na mbili kwa foleni ya Mbagala, na mimi ningemwambia ashike kibanda nipumzike kidogo. Kisha apike. Kisha awaangalizie wadogo zake madaftari. Ningemla muda wake, kaka. Na nisingejua kama ninamla." Sikumjibu. Watoto wa kike wangapi tunasema wanasoma, kumbe wanasoma katika muda uliobaki.

Binti alimaliza 2024. Ajira ya serikali ameomba mara mbili kupitia Sekretarieti ya Ajira, bado. Yuko Kibaha, anahudumia wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, na pikipiki aliyonunua kwa mkopo wa kikoba cha mama yake. Mwanzoni wenye ng'ombe walikuwa wakimtazama umri wake na ukubwa wa mkono wake, wakauliza kama daktari mwenyewe atafuata.

Mwezi uliopita alinipigia saa tano usiku. Nyuma yake nilisikia watu wanaongea na taa ya kuchaji inagongwa.

"Shikamoo mjomba. Kuna ng'ombe anazaa, miguu ya nyuma ndiyo imetangulia."

Nikakaa kitandani. Nikaanza kumwambia aangalie kwanza kama ni ya nyuma kweli, ahisi kifundo, asivute mpaka mama asukume, na kiuno kikishapita asisite, maana ndama anaweza kuvuta maji puani.

"Kamba nimeshafunga, mjomba. Nilitaka tu ujue niko hapa."

Simu ikakatika. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia ngoja. Tukangoja wote wawili, taa imewashwa, karibu dakika arobaini. Kisha ujumbe ukaingia: "Jike. Amesimama. Ananyonya."